Siku Ishirini na Moja za Minza

Minza alihama mara nne kabla hajafikisha miaka ishirini na tano, na kila mara sababu ilikuwa ile ile: majani yameisha. Alizaliwa Meatu, akaanza kutembea Igunga, akavunja ungo Usangu, akaolewa Malinyi. Baba yake hakuwa mtu wa kukaa na kuuliza majani yameisha kwa nini. Aliwatazama ng'ombe wake, akatazama mawingu, kisha asubuhi moja akasema tunaondoka, na mama akafunga masufuria mgongoni mwa punda.

Kwa hiyo alipofika Mchombe na mumewe Masanja, akiwa na mimba ya mapacha, Minza alifanya jambo ambalo mama yake hakuwahi kulifanya popote. Alipanda migomba nyuma ya nyumba. Masanja alicheka, akamwuliza ndizi atamwachia nani. Mapacha wakazaliwa, Kulwa na Doto, kijiji kikaanza kumwita Mama Kulwa, migomba ikazaa na kuzaa tena, na miaka kumi na sita ikapita bila mtu kufunga masufuria.

Kisha vikaja vigingi. Vilisimikwa kule bondeni, vya zege, vyenye namba, na katika mkutano wa kijiji watu wakaelezwa kwamba ng'ambo yake ni hifadhi, ng'ombe haruhusiwi. Hakuna aliyeweza kusema haoni sababu. Matete yalikuwa yamekanyagwa mpaka yakawa vumbi. Sheshe, wale swala wekundu waliokuwa wakionekana makundi makundi, walikuwa hawaonekani tena. Vijito vilivyoshika maji mpaka Oktoba sasa vilikauka Agosti. Minza mwenyewe aliwahi kuyaona haya Usangu akiwa msichana, na alijua yanaelekea wapi.

Masanja alikuwa na ng'ombe tisini. Juni ya mwaka jana alichukua themanini na wanne, yeye na mdogo wake, wakaenda nao kusini, upande wa Lindi, ambako walisikia bado kuna malisho. Walibaki sita: maksai wawili wa mkokoteni, majike watatu wa maziwa, na mtamba mmoja mwekundu mwenye mimba yake ya kwanza. Minza ndiye aliyeomba wabaki.

"Utawalisha nini?" Masanja alimwuliza.

"Nitatafuta."

"Majani yako ng'ambo ya vigingi, Mama Kulwa. Wakikamatwa huko tumewapoteza."

"Sitawapeleka huko."

Masanja alivaa kofia yake. "Nakupa mpaka mwisho wa Agosti. Wakianza kukonda nakuja kuwachukua, na nyinyi mnakuja nao. Siwezi kuwa na nyumba mbili, moja ina ng'ombe na nyingine ina wasiwasi."

Alisema kweli kuhusu wasiwasi. Tangu siku hiyo Minza akawa anaamka na kwenda zizini kabla hajanawa uso. Anapitisha kiganja kwenye mbavu za kila ng'ombe, mmoja mmoja, kupima kama mfupa umesogea karibu na ngozi. Jana alikuwa hajausikia. Leo je? Siku nyingine aliona ameusikia, akarudia, akaona hapana, akarudia tena.

Jambo la mabua alilipata kwa bwana mifugo wa kata, kijana mpole aitwaye Evod, ambaye watu walimwita daktari. Evod alikuwa amewaita wafugaji kwenye ofisi ya kata akawaeleza kwamba chakula cha kiangazi wanacho mbele ya macho yao, ila kila mwaka kinachomwa moto. Mabua ya mpunga, yale yanayobaki shambani baada ya mavuno, ni magumu na hayana nguvu. Lakini ukiyanyunyizia maji yaliyoyeyushwa mbolea ya urea, kilo tano kwa kilo mia za mabua, ukayashindilia shimoni, ukafunika kwa nailoni hewa isipite, ukangoja siku ishirini na moja, yanalainika na ng'ombe anayala.

"Kwa kipimo," Evod alisisitiza. "Urea ikizidi ni sumu. Na yale maji yenyewe, ng'ombe asiyaguse hata kidogo. Kuwe na siki karibu. Siki na maji mengi ya baridi ndiyo dawa, tena ukiwahi."

Wanaume wengi walitoka wakitikisa vichwa. Mbolea ya shambani umpe ng'ombe? Minza alibaki, akauliza maswali mpaka Evod akamwandikia vipimo kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba mabua hayakuwa yake. Mashamba makubwa ya jirani yalikuwa ya Mama Yosefina, Mndamba, mwenyeji wa hapo, wa miaka zaidi ya sitini, mjane, mwenye ekari nne za mpunga. Na baina ya nyumba hizo mbili palikuwa na kidonda. Miaka sita nyuma, ng'ombe wa Masanja waliingia kwenye mpunga wa Yosefina ukiwa unachanua. Wazee walikwenda kuomba radhi, yakaisha. Wiki iliyofuata ng'ombe wakaingia tena.

Minza alikwenda asubuhi, bila mtu wa kumsindikiza. Alimkuta Yosefina anapeta mpunga barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Ungo haukusimama. "Ng'ombe wameingia wapi leo?"

"Hawajaingia popote, mama. Nimekuja kuomba mabua."

"Mabua?"

Minza akaeleza. Alijisikia anaongea haraka mno, na mikono yake haikujua ikae wapi. Yosefina alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi, akasema, "Mlikula mpunga. Sasa mnataka na mabua."

Minza alisimama tu. Angeweza kuondoka, lakini aliwaza mkokoteni, masufuria, Kulwa na Doto wakiacha kidato cha pili katikati, akabaki amesimama.

"Samadi unayo?" Yosefina akauliza ghafla.

"Ipo, mama. Imejaa zizini."

"Shamba langu limechoka. Zamani nilikuwa napata magunia ishirini kwa ekari, sasa nikipata kumi na mbili nashukuru Mungu. Niletee samadi, uchukue mabua. Ila Agapiti anachoma Jumamosi. Nikimwambia asichome atasema panya watajaa, na ana haki, shamba ndiye anayelima."

Ilikuwa Jumatatu. Agapiti, mwanawe wa kwanza, alikuwa mtu asiyebadilisha neno. Minza alifunga maksai siku hiyo hiyo. Alikusanya kwa reki, akapakia, akasomba, akarudi. Mkokoteni uliondoka na mabua ukarudi na samadi. Ijumaa jioni alikuwa amemaliza ekari tatu, na Jumamosi saa tatu Agapiti akawasha ya nne kama alivyosema. Upepo uligeuka. Minza alisimama mchana kutwa kando ya lundo lake na tawi bichi na ndoo mbili za maji, akiufuatilia kwa macho kila unyasi mweusi unaopepea kutoka angani. Mmoja ulitua juu ya lundo ukiwa bado mwekundu pembeni. Aliuzima kwa kiganja.

Shimo alilichimba mwenyewe. Nailoni aliifuata Ifakara. Mizani ya kuning'iniza aliazima, akapima mabua kilo mia tano, akapima urea kilo ishirini na tano, akapima tena. Siki akanunua chupa mbili ndogo, maana ndizo pekee zilizokuwepo dukani. Yosefina alikuja kuangalia. Alisema amekuja kuona mabua yake yanafanywa nini, lakini baada ya muda alikunja kanga, akaingia shimoni na kuanza kushindilia kwa miguu, kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea.

Walikuwa wamebakiza tabaka la mwisho wakati simu ya Minza ilipolia. Ilikuwa Masanja. Pale shimoni mtandao haushiki. Ili umsikie mtu ni lazima upande kile kichuguu kilicho nyuma ya migomba. Minza alipanda. Ndoo ya maji ya urea, iliyobaki robo, aliiacha pembeni ya shimo bila kifuniko.

"Habari za huko?" Masanja aliuliza. "Wamekonda?"

"Hawajakonda."

"Doto amepata viatu vya shule?"

"Amepata. Baba Kulwa, ngoja, niko kazini..."

Hapo ndipo aliposikia Yosefina anapiga kelele.

Mtamba mwekundu alikuwa amefunguka kamba. Ndoo ilikuwa tupu, imelala ubavu. Minza alimkuta bado anajilamba midomo, amesimama vizuri, na kwa muda mfupi alijidanganya kwamba maji yamemwagika tu. Kisha ngozi ya begani ikaanza kutetemeka, kama inavyotetemeka kufukuza nzi, ila haikuacha. Mate yakaanza kumtoka. Akasaga meno. Tumbo upande wa kushoto likapanda.

"Siki!" Minza alipiga kelele, na Yosefina ndiye aliyeileta mbio, kanga imemdondoka. Walimwinua kichwa, wakamnywesha chupa ya kwanza, ya pili, wakamnywesha maji. Yosefina akasema anakwenda kutafuta siki nyingine, akaenda mbio kwa umri wake ule. Minza alimpigia Evod, simu ikaita bila majibu, akapiga tena, Evod akapokea.

"Amekunywa kiasi gani?"

"Robo ndoo."

Pikipiki ilisikika ikiwashwa. "Endelea na maji. Nakuja."

Alikuja na pikipiki baada ya nusu saa. Yosefina naye alirudi na chupa tatu alizozikusanya kwa mama ntilie wa stendi. Mtamba alikuwa ameshalala, miguu imenyooka, na ndama aliyekuwa tumboni mwake alikuwa bado anacheza. Minza alimhisi chini ya kiganja. Baada ya hapo hakumhisi tena.

Mtamba alipokata roho, Evod aliwakataza kula nyama, wakamzika. Majirani walikuja kusimama pembeni. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba waliambiwa, mbolea ni mbolea. Minza hakugeuka. Walipoondoka alishuka shimoni, akamalizia tabaka la mwisho kwa maji mengine ya urea aliyoyapima upya, akafunika nailoni, akaweka udongo juu yake. Yosefina alimsaidia.

Jioni alimpigia Masanja kutoka kwenye kichuguu. "Yule mwekundu amekufa."

"Nini?"

"Alivimba tumbo."

Haikuwa uongo, na haikuwa kweli. Masanja alivuta pumzi. "Nakuja," alisema. "Nimalize josho la huku, nakuja kuwachukua."

Zikaanza siku ishirini na moja. Minza alichora mistari kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, mmoja kila asubuhi. Ng'ombe watano waliobaki aliwalisha majani ya kando ya barabara aliyoyakata kwa mundu, na mashina ya migomba aliyoyakatakata. Migomba ilipungua. Kila alipopita karibu na shimo, aliharakisha hatua. Humo ndani mlikuwa na kitu kile kile kilichomwua mtamba. Evod alikuwa amemweleza zaidi ya mara tatu kwamba kikiingia kwenye mabua kinabadilika, kwamba si sawa na kunywa maji yenyewe, na Minza alielewa. Lakini kuelewa hakukumwondolea ile picha ya ngozi inayotetemeka. Alirudia hesabu kwenye karatasi. Mia tano, ishirini na tano. Je, mizani ilikuwa sahihi? Alikwenda kwa mwenye mizani, akaning'iniza kilo mbili za sukari, zikasoma mbili. Kesho yake akaenda tena.

Siku ya tisa aliona nailoni imechanika kwenye kona, na alama za kucha za mbwa. Aliziba kwa udongo. Siku ya kumi na mbili alisikia mfupa wa ubavu wa jike mkubwa, yule aliyevunjika pembe, na safari hii hakuhitaji kurudia.

Siku ya kumi na tisa Masanja akashuka kwenye basi la Mlimba.

Alikuwa amekonda yeye mwenyewe. Alizunguka zizi, akawagusa ng'ombe mmoja mmoja. Watoto walimsalimia, akawapa pipi kama wangali wadogo. Kisha akauliza lile shimo ni la nini.

Minza alikuwa amejiandaa kueleza vipimo. Lakini alipofungua mdomo alitoka na jambo jingine kabisa.

"Yule mwekundu hakuvimba hivi hivi. Alikunywa maji ya urea. Niliacha ndoo wazi."

Masanja alimtazama. "Wewe? Wewe unayefunika hata maji ya kuogea?"

"Simu ililia. Nikapanda kichuguu."

Alisubiri akaripiwe. Masanja aliinama, akaokota kijiti, akakivunja vipande vidogo, kimoja kimoja, mpaka kikaisha.

"Kumbe nilikuwa nauliza viatu," alisema.

Kesho yake alikaa barazani. Hakuwafunga ng'ombe kwa safari, wala hakusema hatawafunga.

Siku ya ishirini na moja walifukua kona moja ya shimo. Harufu iliwapiga usoni, kali, ya kuwatoa machozi, Masanja akarudi nyuma akikohoa. Pale mbwa alipochana, mabua yalikuwa meusi yenye ukungu. Minza aliyatoa yote, karibu magunia mawili, akayatupa mbali. Chini yake yalikuwa ya rangi ya kahawia, laini, yanapinda bila kukatika. Aliyatandaza juani kama Evod alivyoelekeza, ile harufu ipungue, wakangoja mpaka kesho yake asubuhi.

Evod alikuja. Yosefina alikuja pia, akaketi juu ya kinu kilicholala.

"Tunaanza na nani?" Evod aliuliza.

Minza alikuwa amelifikiria hilo kwa siku ishirini na moja. Maksai ndio kazi. Majike wawili wana maziwa ya watoto. "Huyu," alisema, akamshika yule mwenye pembe iliyovunjika, mama wa wengine wote, aliyekuja naye kutoka Malinyi.

Alimwekea kiasi cha kikapu kidogo. Masanja alisimama pembeni ameshika chupa za siki walizozikusanya tangu siku ile, mbili kila mkono, kumi nyingine ziko kwenye ndoo miguuni pake. Jike alinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa. Minza akachanganya na majani mabichi kidogo. Jike akanusa tena, akachukua mdomo mmoja, akatafuna polepole, akamtazama Minza, akachukua mwingine.

Kisha ikawa kazi ya kungoja. Minza aliweka kiganja begani mwa jike na hakukiondoa. Saa nzima ilipita. Mara moja ngozi ilitetemeka, Minza akaguta, "Masanja!" na Masanja akafungua chupa kwa meno. Alikuwa nzi. Evod alimwonyesha. Nzi aliruka, akatua tena, ngozi ikatetemeka tena, ikatulia. Hakuna aliyecheka.

Saa ya pili. Saa ya tatu. Adhuhuri jike alijilaza kivulini, na Minza akachuchumaa naye, kiganja bado begani. Kisha taya la jike likaanza kwenda kushoto na kulia. Alikuwa anacheua.

"Amepona," alisema Yosefina.

"Hakuwa anaumwa, mama," Evod akasema.

"Sisemi ng'ombe."

Minza alikwenda nyuma ya jiko akalia, akanawa, akarudi kuwagawia wengine.

Masanja alikaa siku tano. Alichimba shimo la pili, kubwa kuliko la kwanza, akapima urea mwenyewe, na ndoo aliifunika kwa jiwe. Kisha akapanda basi kurudi kusini, peke yake.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Mvua zilichelewa mpaka wiki ya pili ya Desemba. Novemba mbavu zilionekana waziwazi kwa ng'ombe wote watano, na maziwa yakapungua mpaka kikombe kimoja kwa siku. Minza aliendelea kwenda zizini kabla ya kunawa uso. Lakini walisimama kwa miguu yao mpaka majani mabichi yakaja, na hakuna aliyevuka vigingi. Mwaka huu mpunga wa Yosefina kwenye ekari zilizopata samadi ulitoka mzito kidogo. Agapiti anasema ni mvua, Yosefina anasema ni samadi. Hata hivyo, baada ya mavuno, Agapiti aliacha ekari zote nne bila kuchoma na kumwambia Minza awahi, kwa sababu na jirani mwingine ameulizia.

Wiki iliyopita Masanja alipiga simu. Minza alipanda kichuguu baada ya kufunika kila kitu.

"Huku nako majani yanaisha," Masanja alisema. "Hayo mashimo yako, yanaweza kulisha ng'ombe wangapi?"

Minza alikuwa ameshapiga hesabu zamani, kwa mabua yote aliyoahidiwa. "Kumi na wawili."

"Na hawa wengine?"

Minza alijua jibu ni kuuza, na alijua maana ya neno hilo kwa mtu aliyezaliwa na kulelewa akijua mtu huhesabiwa kwa ng'ombe wake. "Kumi na wawili, Baba Kulwa," alirudia. "Wakizidi hapo wote watakonda."

Upande wa pili walisikika ng'ombe wanalia, na Masanja akipumua. Kisha akasema atafikiria, atapiga Jumapili. Minza alishuka, akachukua jembe na kurudi kwenye shimo la tatu, ambalo bado lilikuwa linamfika magotini.